MAGELLAN: JINA LIMEZUNGUKA DUNIA, MWENYEWE HAKURUDI



Wiki hizi mbili nimekuwa nikihangaika na kitu kimoja cha kijinga kabisa: jina la babu yangu. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema hivi, cheti cha shule kinasema vile. Tofauti ni herufi moja. Karani fulani miaka hiyo aliandika R mahali pa L, akagonga muhuri, akaenda zake kunywa chai. Kwa herufi hiyo moja sasa naambiwa mimi ni watu wawili, na lazima niape mbele ya wakili kwamba hao wawili ni mtu mmoja. Ndiyo maana juzi nilikuwa kafe ya intaneti, nachapa hati ya kiapo.

Mashine ya pembeni alikaa kijana wa sekondari anaandika kazi yake ya historia. Akaniomba, kaka, hebu niangalizie kama kuna makosa. Sentensi ya kwanza kabisa ilisema kwamba Ferdinand Magellan aliizunguka dunia kwa niaba ya Ureno, na ndiye mtu wa kwanza kufanya hivyo. Nikamwambia hapo kuna makosa matatu. Jina silo, nchi aliyoitumikia siyo, na dunia hakuizunguka. Dogo akacheka akidhani namtania. Dakika zake zikaisha, akaondoka. Basi namwandikia hapa, na ninyi wengine someni pia, maana hiki kisa kina mambo.

Tuanze na jina lenyewe.

Baba na mama yake hawakuwahi kumjua mtu anayeitwa Magellan. Kwao mtoto aliitwa Fernão de Magalhães. Msiogope hizo alama juu ya herufi. Kwa Kireno "lh" inasomeka kama "ly" yetu, na ile "ãe" inapitia puani. Sema Magalyaish huku umebana pua kidogo, Mreno atakuelewa.

Hiyo "de" maana yake ni "wa". Magalhães ni mahali. Ni kaskazini mwa Ureno, upande wa Ponte da Barca, na huko kuna mahali panaitwa Paço Vedro de Magalhães. Watu wa ukoo ule wa kikabaila walichukua jina la ardhi yao wakalifanya ubini. Kwa hiyo ukilifasiri jina lote unapata Fernão wa kule Magalhães, basi. Siku hizi wenye ubini huo wamejaa Ureno na Brazil, wengi wao si ndugu zake kabisa.

Kitu kingine cha kushika kichwani: Ureno ya zamani, watoto wa tumbo moja hawakulazimika kubeba ubini mmoja. Huyu anachukua wa baba, yule anachukua wa upande wa bibi. Fernão alikuwa na kaka yake aliyeitwa Diogo, naye alijiita de Sousa. Hilo litakuja kuwa na maana baadaye, mlikumbuke.

KIJANA WA KAWAIDA, NA PWANI YETU

Alizaliwa kama mwaka 1480. Akiwa bado mtoto alipelekwa Lisbon kuwa mtumishi mdogo katika jumba la Malkia Leonor. Ndiyo ilikuwa shule ya watoto wa makabaila wadogo: unahudumia mezani, unajifunza farasi, upanga, hesabu na ramani.

Na ulikuwa wakati wenyewe. Mwaka 1488 Bartolomeu Dias aliizunguka ncha ya kusini ya Afrika. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipita Mombasa na Malindi akafika India. Dias, da Gama, hizo ndizo bini tulizokaririshwa darasani. Kijana wetu alikuwa pale Lisbon akiona meli zinarudi na pilipili manga, na ukoo wake bado haujulikani na mtu.

Tarehe 25 Machi 1505 naye akaondoka. Alipanda katika msafara wa Francisco de Almeida, meli zaidi ya 20, kwenda kushika India. Alikuwa askari wa kawaida, hana cheo. Na hapa, wadau wa Kilwa na Mombasa, ndipo jina hili linapokutana na sisi. Msafara huo ndio ulioingia Kilwa tarehe 24 Julai 1505, ukapora mji, ukaanza kujenga ngome na kumweka mtawala waliyemtaka wao. Mwezi Agosti ukaenda Mombasa ukauchoma moto. Malindi, waliokuwa marafiki wa Wareno, hawakuguswa.

Vitabu vinavyomsifu baharia huyu vinaanza na meli tano za mwaka 1519. Vingi vinaruka hapa. Ila shule yake ya kwanza ya bahari ilikuwa ni hii, ya kuona mji wenye misikiti ya mawe na biashara ya dhahabu unageuzwa ngome ya wageni ndani ya siku chache. Mtu aliyejifunza hivyo, ukija kuona alivyokufa, hushangai sana.

Kutoka hapo ni India, vita juu ya vita. Februari 1509 alikuwepo Diu, Wareno walipoishinda meli za Wamisri na washirika wao. Mwaka huohuo akafika Malacca, bandari kubwa ya Wamalay, na huko Wareno waliposhambuliwa ghafla alimwokoa rafiki yake Francisco Serrão. Mwaka 1511 wakarudi na Albuquerque wakaiteka Malacca.

Malacca ilimpa vitu viwili vya kubadili maisha yake.

Cha kwanza ni mtumwa, kijana wa Kimalay. Alibatizwa akapewa jina Enrique. Jina alilopewa na mama yake hakuna aliyejishughulisha kuliandika.

Cha pili ni barua. Serrão alisonga mbele hadi Visiwa vya Maluku, kule karafuu zilikokuwa zinaota. Karafuu hizi hizi, ambazo Unguja zilifika karne ya 19. Serrão akapapenda Ternate, akaoa, akakaa jumla. Akawa anamwandikia rafiki yake kuhusu utajiri wa kule na umbali wake. Fernão akipiga hesabu anaona visiwa vile viko mashariki mno, kiasi kwamba labda mtu akipitia magharibi atafika upesi zaidi.

MFALME AMKATALIA

Akarudi Ureno, akapelekwa Morocco. Mwaka 1513 kule Azamor akachomwa mkuki mguuni. Alichechemea mpaka kufa. Juu ya jeraha wakamwongezea tuhuma, eti ameuza mifugo ya mateka kwa maadui.

Aliporudi alimwomba Mfalme Manuel amwongezee posho. Nyongeza yenyewe ilikuwa ndogo, ila kwa makabaila posho ya ikulu ndiyo ilionyesha wewe ni nani. Mfalme akakataa. Akaomba meli aende Maluku. Akakataliwa. Mwishowe akaomba ruhusa ya kumtumikia mfalme mwingine, Manuel akamwachia aende anakotaka.

Kama umewahi kuzungushwa na wakubwa miaka kumi halafu ukaambiwa mlango ule pale, unamwelewa jamaa.

Mwaka 1517 akavuka mpaka akaenda Seville, Hispania. Na hapa jina lake linapata pigo la kwanza. Wahispania hawana ile ã ya puani, na "lh" wao wanaandika "ll". Magalhães ikawa Magallanes. Fernão ikawa Fernando au Hernando. Yeye mwenyewe akaanza kutia saini kwa tahajia hiyo mpya. Kina sisi wenye ndugu Muscat, Toronto au London tunaijua hiyo. Unaondoka nyumbani na jina moja, mhamiaji, ukipewa karatasi za ugenini unaambiwa jina lako ndilo hili sasa, na wewe unakubali maana unataka kuishi.

Wareno wakamwita msaliti. Mabalozi wa Ureno walihangaika sana kumzuia asisafiri.

Seville alioa. Mke wake aliitwa Beatriz Barbosa, binti wa Mreno mwenzao aliyekuwa amehamia huko. Wakapata mtoto wa kiume, wakamwita Rodrigo. Tarehe 22 Machi 1518, mfalme kijana wa Hispania, Charles, akasaini mkataba naye. Akifika Maluku kwa njia ya magharibi, atapata sehemu ya faida na ugavana wa nchi atakazozifikia, yeye na warithi wake.

Kwa nini Hispania walikubali? Kwa sababu mwaka 1494 wafalme wa Ureno na Hispania walikuwa wamegawana dunia kwa mstari, kama watu wawili wanavyogawana shamba la mtu asiyekuwepo. Mashariki ya mstari ni Wareno, magharibi ni Wahispania. Magallanes aliahidi kwamba ukipita magharibi, visiwa vya karafuu viko upande wa Hispania.

WASIA

Sasa jambo ambalo mimi binafsi lilinifanya niache kuchapa kiapo changu nikaanza kumfuatilia mtu huyu.

Tarehe 24 Agosti 1519, siku chache kabla ya kwenda bahari kuu, aliandika wasia pale Seville. Aligawa mali ambazo bado hakuwa nazo. Aliweka sadaka kwa makanisa na maskini. Akaandika kwamba siku atakayokufa, mtumwa wake Enrique awe mtu huru, apewe na maravedi 10,000 za kuanzia maisha.

Halafu akafika kwenye jina. Mali na cheo vimwendee mwanawe Rodrigo. Rodrigo asipokuwepo, wala mtoto mwingine, viende kwa kaka yake Diogo, yule niliyewaambia anajiita de Sousa. Ila kwa sharti. Diogo ahame Ureno aje Hispania, aoe huko, na ajiite Magallanes na kubeba ngao ya ukoo huo.

Mtu anakwenda pasipojulikana, na hofu yake kubwa ni jina lisife. Tena si lile la kwao kaskazini mwa Ureno. Ni lile lililoandikwa na makarani wa Hispania. Alishachagua.

MELI TANO

Tarehe 20 Septemba 1519 waling'oa nanga Sanlúcar. Meli tano: Trinidad, San Antonio, Concepción, Victoria na Santiago. Watu kama 240 kutoka kila pembe. Manahodha wa Kihispania hawakumpenda huyu Mreno kilema hata siku moja.

Pasaka ya mwaka 1520, wakiwa wamekwama na baridi kali kusini kabisa mwa Amerika, mahali panaitwa San Julián, manahodha watatu waliasi. Aliwazima kikatili. Nahodha mmoja aliuawa kwa kisu ndani ya meli yake, wa pili akakatwa kichwa, wa tatu akaachwa ufukweni yeye na padri mmoja mpaka leo. Waasi wengine aliwasamehe kwa kuwa alihitaji mikono ya kazi. Mmoja wa waliosamehewa aliitwa Juan Sebastián Elcano. Shikeni na hilo jina.

Santiago ikavunjika. Tarehe 21 Oktoba 1520 wakaiona njia, mkono wa maji kati ya milima ya theluji. Kwa siku 38 walikuwa wanapapasa humo ndani, na San Antonio, iliyobeba chakula kingi, ikatoroka ikarudi Hispania. Meli tatu zikatokea upande wa pili tarehe 28 Novemba. Bahari ilikuwa tulivu, akaiita Pasifiki, yaani bahari ya amani.

Amani gani. Miezi mitatu na siku 20 hawakupata chakula kipya. Antonio Pigafetta, Mwitaliano aliyekuwa anaandika kila siku, amesimulia walivyokula biskuti zilizogeuka unga wa funza, ngozi za kwenye milingoti zilizolowekwa baharini siku nne tano, na panya walionunuliwa kwa pesa nyingi. Kiseyeye kikavimbisha fizi mpaka watu hawawezi kutafuna. Kumi na tisa walikufa.

Machi 1521 wakafika visiwa ambavyo leo ni Ufilipino. Na hapo likatokea jambo. Enrique alizungumza na watu wa mtumbwi mmoja, wakamwelewa. Mtumwa wa Malacca, aliyepelekwa magharibi hadi Ureno na Hispania, na kutoka Hispania magharibi tena, sasa yuko mahali ambapo lugha yake inasikika. Nadhani pale ndipo binadamu walipothibitisha kwa masikio yao kwamba dunia ni duara, na aliyethibitisha ni mtumwa.

Cebu mtawala Humabon alikubali ubatizo, yeye na watu wake wengi. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mno, na Magallanes akalewa mafanikio. Lapulapu, chifu wa kisiwa jirani cha Mactan, alikataa kusujudu. Akaamua kwenda kumwadhibu, kwa mtindo ule ule alioujifunza mwaka 1505 pwani yetu. Humabon alimpa msaada wa watu, akaukataa, akataka wamtazame tu jinsi Wakristo wanavyopigana.

Alfajiri ya tarehe 27 Aprili 1521 alishuka majini na watu 49, maji mapajani, mizinga iko mbali haifiki. Watu wa Lapulapu walikuwa zaidi ya elfu kwa hesabu ya Pigafetta. Walilenga miguu isiyokuwa na chuma. Yule kilema wa Azamor alichomwa tena mguuni, akaanguka kifudifudi, wakammaliza. Mwili wake waliuomba hata kwa kulipa. Watu wa Mactan wakakataa, haukurudishwa.

Leo kisiwani Mactan kuna mnara wa Magellan, na jirani yake sanamu ya Lapulapu. Kwa Wafilipino, shujaa ni Lapulapu.

NANI ALIRUDI?

Enrique sasa kwa mujibu wa wasia ni mtu huru. Kumbe wapi. Kwa maelezo ya Pigafetta, shemeji wa marehemu, Duarte Barbosa, alimwambia bado ni mtumwa, na wakifika Hispania atamtumikia mjane. Enrique akanyamaza. Akaenda kwa Humabon. Tarehe 1 Mei wakaalikwa karamu, na Wahispania zaidi ya 20 wakauawa humo, Barbosa akiwa mmoja wao. Enrique akabaki Cebu, na kumbukumbu zake zinaishia hapo. Kama alipata chombo cha kumrudisha Malacca, basi yeye ndiye wa kwanza duniani kuizunguka. Bwana wake alibakisha pengo la nyuzi kama 22 za longitudo kati ya Malacca na Mactan. Alikaribia, lakini hakumaliza.

Walionusurika walichoma Concepción kwa kukosa watu wa kuiendesha. Novemba 1521 Trinidad na Victoria zikafika Tidore, Maluku. Serrão, yule rafiki wa barua, alikuwa amekwisha kufa. Trinidad ikaangukia mikononi mwa Wareno. Victoria ikaondoka chini ya Elcano, mwasi aliyesamehewa, ikavuka Bahari ya Hindi kusini kabisa, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Tarehe 6 Septemba 1522 ikaingia Sanlúcar ikiwa na watu 18. Wamechoka, wamekonda, lakini karafuu walizobeba zililipa gharama za safari nzima.

Mfalme akampa Elcano ngao yenye picha ya dunia, kwamba yeye ndiye wa kwanza kuizunguka.

Na wasia? San Antonio iliporudi mwaka 1521, watoro walimsema vibaya nahodha wao, na Beatriz akawekwa chini ya uangalizi wa serikali. Mtoto Rodrigo alifariki mwaka huohuo. Mtoto wa pili hakuzaliwa hai. Beatriz mwenyewe akafariki mwaka 1522 kabla Victoria haijafika. Ndani ya mwaka mmoja nyumba nzima ikafungwa. Ndugu na baba mkwe wakabaki mahakamani kudai fedha. Hakuna mtoto aliyebeba jina.

JINA LENYEWE SASA

Lakini angalia lilivyofanya. Mwaka 1523 habari za safari zilichapishwa kwa Kilatini, na kwa Kilatini aliandikwa Magellanus. Waingereza wakakata mkia, ikawa Magellan. Ndiyo ikatufikia sisi kwenye vitabu vya shule. Tahajia ya tatu hiyo, na mwenyewe hakuwahi kuisikia.

Ile njia ya maji yeye aliipa jina la Watakatifu Wote, kwa kuwa ilikuwa siku zao. Wachora ramani wakaiita Mlangobahari wa Magellan. Iko Chile. Kule kuna pengwini wa Magellan. Ukikaa kijijini kusini mwa ikweta usiku usio na mwezi, ukatazama kusini, kuna madoa mawili ya ukungu angani. Ni makundi makubwa ya nyota, moja liko umbali wa miaka ya nuru kama 160,000, jingine kama 200,000. Watu wa kusini waliyajua tangu enzi, na Mwajemi al-Sufi aliandika juu ya mojawapo karne ya 10. Ila yanaitwa Mawingu ya Magellan. Mwaka 1989 Wamarekani walirusha chombo kwenda sayari ya Zuhura, kikaipiga ramani kwa rada mpaka mwaka 1994. Jina lake? Magellan.

Na hii ni ya kwenu watu wa kafe. Mwaka 2008 serikali ya Ureno ilizindua kompyuta ndogo ya mkononi kwa ajili ya watoto wa shule za msingi. Waliiita Magalhães, kwa tahajia ya nyumbani, na alama zake zote juu. Karne tano baada ya kumwita msaliti, wakambandikia watoto wao mgongoni mwa kompyuta.

Sikiliza dogo, kama unasoma. Simuonei mtu huyu wivu wala simtukuzi. Alikuwa na moyo na akili ya bahari, hilo halina ubishi, na aliipata njia ambayo wengine walisema haipo. Pia alikuwemo katika jeshi lililopora Kilwa, na alikufa akijaribu kufanya lile lile kwa watu wengine. Yote mawili yaandike kwenye kazi yako.

Mimi kinachonikaa kichwani ni Enrique. Bwana aliandika sharti zima kuhusu ubini wake, na dunia ikamtii hata pasipokuwa na mrithi. Mtumwa aliyelala meli ile ile, akala ngozi ile ile, akawa mkalimani wa safari nzima, hata jina la kuzaliwa hatuna. Hajapotea kwa bahati mbaya. Aliyeshika kalamu hakumuuliza. Na hatujui Kilwa siku ile ya Julai walikufa akina nani, kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo juzi nilirudi nikalipa fedha ya wakili, nikaapa, nikasaini. L ya babu imerudi mahali pake. Mwenzangu mmoja aliniambia napoteza muda, ningeacha tu hiyo R maana haiumi. Nikamwambia babu hakuwa na mlangobahari wala mawingu. Alikuwa na herufi hizo chache tu, na mimi.

Haya wadau, nendeni mkaangalie vyeti vyenu leo. Jina lililoandikwa pale ni lenu, au ni la karani? Na ubini wenu umetoka wapi: mahali, mtu, au mzungu wa misheni? Tuambieni hapo chini. Dogo wa mashine ya pembeni, na wewe ukipita hapa niambie mwalimu alikupa ngapi.